Dohani Imerefushwa, Moshi Bado Unarudi

Kila mwaka kusi inapoanza kuvuma napigiwa simu ileile. Nyumba imekarabatiwa, juu ya slebu pamesimamishwa paa la makuti, na dohani ya zamani iliyokuwa ikipumua vizuri imejikuta chini ya kilele cha paa jipya. Fundi akaongeza kozi sita, yaani safu sita, za mawe, akapiga lipu, akapaka chokaa ikang'aa. Tanuri likawashwa, moshi ukajaa jikoni mpaka wapishi wakatoka nje wakipangusa macho. "Fundi, tuongeze kozi ngapi tena?"

Nawaambia wasiongeze hata moja. Nimejenga na kubomoa dohani za kutosha Malindi na Lamu kujua kwamba urefu ni dawa ya ugonjwa mmoja, na magonjwa ya dohani iliyorefushwa ni mengi. Ukiongeza mawe kabla ya kujua moshi unarudi kwa nini, unautwisha ukuta mzigo na mfuko wako gharama, na moshi unabaki palepale.

Sisi wa Pwani hatukuwa watu wa dohani. Katika nyumba za mawe za Lamu meko yalikuwa juu darini, chini ya makuti, na moshi ulichukuliwa na upepo. Taabu ilianza jiko liliposhushwa chini, nyumba zikageuzwa za wageni, na Malindi, mji wenye Waitaliano wengi, ikapata matanuri ya pizza na ya mikate yanayotaka kuni na dohani ya kweli. Ndiyo maana utamkuta fundi hodari wa kuta, slebu na lipu ambaye hakurithi ujuzi wa dohani kwa yeyote. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa mwenye nyumba anayemlipa.

Nguvu unayoitegemea ni ndogo

Moshi hupanda kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa ya nje. Hewa ya joto la nyuzi 30 ina uzito wa karibu kilo 1.16 kwa kila mita ya ujazo. Moshi wa nyuzi 200 ni kama kilo 0.75. Katika dohani ya mita 5, tofauti hiyo inazaa mvuto wa takriban paskali 20, sawa na mgandamizo wa maji yenye kina cha milimita 2. Hiyo ndiyo nguvu yote uliyo nayo. Upepo wa kilomita 22 kwa saa ukipiga ukuta husukuma kwa nguvu hiyohiyo, na kwetu wakati wa kusi upepo huo si dhoruba, ni alasiri ya kawaida.

Moshi ukipoa mpaka nyuzi 80, mvuto unashuka hadi kama paskali 8. Mahali penye baridi ya nyuzi sifuri, moshi uleule ungevutwa kwa paskali 14. Basi video za mafundi wa Ulaya tunazotazama kwenye simu zinaonyesha dohani inayosaidiwa na baridi ya nje, na yetu haina msaada huo. Tena, kuongeza mita moja juu ya mita 5 kunazidisha mvuto kwa moja ya tano tu, na hiyo ni ikiwa moshi hautapoa zaidi ndani ya ile mita mpya. Mara nyingi hupoa.

Anza na chetezo

Jiko likiwa limepoa kabisa, tia kaa moja na ubani kidogo kwenye chetezo, ukishike mbele ya mdomo wa jiko. Tazama ule uzi wa moshi. Ukiingia ndani na kupanda, dohani inavuta yenyewe hata bila moto. Ukisimama wima bila kwenda popote, dohani imelala. Ukikujia usoni, kuna kitu kinaisukuma hewa kushuka, na hicho ndicho cha kutafutwa.

Rudia jaribio hilo milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakiwa wazi, kisha feni ya kutoa hewa jikoni ikiwa inazunguka. Andika saa, upepo ulikotoka, na ulichokiona. Fanya hivyo siku tatu. Karatasi hiyo itakuokolea fedha kuliko ushauri wa fundi yeyote aliyesimama chini akaangalia juu, nami nikiwemo.

Moshi unarudi mwanzoni, kisha unatulia

Ukiona hivi, usibomoe kitu. Ile sehemu mpya iko juu ya paa, inapigwa na upepo usiku kucha, na kuta zake ni nene. Asubuhi hewa iliyomo ndani imepoa, imekaa kama kizibo. Moshi wa kuni za kwanza hauna joto la kukiondoa, kwa hiyo unatafuta njia ya mlangoni.

Pasha dohani kabla ya kuni. Kuti kavu moja lililokunjwa, likawashwa na kuinuliwa mpaka kwenye koo la dohani, pale jiko linapoingia kwenye tundu, huwaka kwa nguvu na kusukuma ule ubaridi juu. Fuata na vifuu vya nazi, ambavyo hushika moto haraka, halafu ndipo uweke kuni. Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, na kinachofika juu ni mvuke uliopoa.

Kama ujenzi wenyewe ni mpya, una maji. Chokaa hukomaa polepole, kwa wiki nyingi, na unyevu ulio ndani ya ukuta hunyonya joto lote unaloleta. Nisingewasha moto mkubwa kabla ya siku 28, na hata hapo ningeanza na moto mdogo wa saa moja kwa siku kwa muda wa juma zima. Anayewasha tanuri zima siku ya kwanza ili kuwaonyesha wageni hugeuza maji hayo kuwa mvuke ndani ya mawe, na mvuke hauombi njia.

Ikiwa miezi imepita na bado unahitaji nusu saa kila siku ndipo moshi upande, sehemu mpya inapoteza joto mno. Dawa ni kuteremsha ndani yake bomba la chuma cha pua na kujaza nafasi inayobaki kwa kitu kisichoungua na kisichopitisha joto upesi. Kwa hewa yetu ya chumvi chagua chuma cha pua cha daraja la 316. Kile cha 304 ni cha bei nafuu lakini hustahimili chumvi ya bahari kwa uchache zaidi.

Moshi unarudi kutwa nzima, upepo uwe wowote

Hapa ndipo palipo na makosa mengi, na karibu yote hufanyika mchana kweupe bila mtu kuyaona.

La kwanza ni tundu kubadilika upana. Dohani ya zamani ina tundu la sentimita 20 kwa 20. Fundi anaweka mawe mapya kwa kufuata ukingo wa nje, mawe yenyewe ni membamba kuliko ya zamani, na tundu la juu linatoka sentimita 30 kwa 30. Kwa jicho ni uzuri, nafasi imeongezeka. Lakini tundu la chini lina sentimita mraba 400 na la juu 900, kwa hiyo moshi ukifika kwenye maungio unapunguza mwendo hadi chini ya nusu. Unazurura, unapoa, unaacha masizi. Tundu linatakiwa liendelee na upana uleule mpaka juu. Likipungua ghafla ni kosa lilelile kwa upande wa pili, na mota, ule mchanganyiko wa kugandishia mawe, iliyotokeza ndani kwenye kila ungio ni kupunguza pia. Shusha kioo kwa kamba mchana, au tia mkono na usikie.

La pili ni mdomo wa jiko kuwa mkubwa kuliko tundu. Waashi wa Marekani wana kipimo cha meko ya wazi ambacho nimekitumia na kikanifaa: eneo la tundu lisipungue moja ya kumi ya eneo la mdomo, na kwa dohani fupi, chini ya mita 4.5 hivi, moja ya nane. Mdomo wa sentimita 60 kwa 50 una eneo la 3,000. Moja ya nane ni 375. Tundu la 20 kwa 20 linatosha, la 15 kwa 15 halitoshi hata ukilipeleka mawinguni. Mara nyingi wakati wa ukarabati mdomo wa jiko hupanuliwa ili upendeze, dohani ikaachwa ilivyo, kisha lawama ikaenda kwa urefu. Jaribu kushikilia ubao au bati juu ya mdomo, ulishushe sentimita moja moja mpaka moshi ukome kutoka. Ulipofika ndipo mdomo ulipotakiwa kuishia.

La tatu ni nyumba kukosa pumzi, na hili linanihuzunisha kwa sababu linatokana na kusahau nyumba zetu zilivyojengwa. Dohani haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Nilikwenda nyumba moja Lamu, mtaa wa Mkomani, ambako mwenyewe alikuwa amerefusha dohani mara mbili. Chetezo kilinijibu upesi: dirisha la jikoni likifungwa, ubani unanijia, likifunguliwa, unapanda. Nikamuuliza, "Mzee, kiwanda mmekifunika lini?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwaka huohuo, mwanangu. Mvua ilikuwa ikituingilia." Kile kiwanda, uwanja wa wazi katikati ya nyumba, ndicho kilichokuwa pua ya nyumba nzima. Kilipofunikwa, na madirisha ya mbao yakabadilishwa kwa ya alumini yasiyopitisha hata unyoya, tanuri likabaki linashindana na feni ya jikoni kugombea hewa iliyofungiwa ndani. Tuliacha dohani kama ilivyo. Tukatoboa tundu la hewa la kutosha karibu na tanuri, linalotoka nje moja kwa moja na kufunikwa na wavu, na feni ikapewa amri ya kuzimwa tanuri linapowashwa.

La nne ni kizibo. Unaporefusha dohani ni kawaida kuziba tundu la chini kwa gunia ili mota isidondoke ndani. Niliwahi kusahau kulitoa gunia hilo. Nyumba ilikuwa ya familia yenye watoto wadogo, na ningeweza kuwaua. Tangu siku hiyo gunia hufungwa kamba, na ncha ya kamba hufungwa kwenye jukwaa, mahali ambapo huwezi kulishusha jukwaa bila kuiona. Ikiwa kazi imekwisha siku nyingi, washuku kunguru. Hawa kunguru wa Pwani hujenga kwa vijiti na hata vipande vya waya, na dohani isiyotumika miezi miwili ya ukarabati kwao ni kiwanja kitupu.

Moshi unarudi kwa msimu

Karatasi yako ikionyesha kwamba jiko ni zuri wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na baya wakati wa kusi, au kinyume chake, basi umepata ule ugonjwa mmoja ambao dawa yake ni urefu.

Upepo ukipita juu ya kilele cha paa hauendelei sawasawa. Upande wa pili hushuka, ukajipinda na kugonga chini. Mdomo wa dohani ukiwa ndani ya huo mpindo, moshi unasukumwa urudi ulikotoka. Paa la makuti ni kali, kilele chake kiko juu, na mpindo wake ni mkubwa. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kaskazini-mashariki, kwa hiyo dohani iliyo upande mmoja wa kilele hupata kinga miezi kadhaa na adhabu miezi kadhaa. Lamu mjini kuna na ukuta wa jirani: nyumba zimegusana mabega, na jirani akipandisha ghorofa yake, dohani yako imehukumiwa bila wewe kufanya lolote.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki. Mdomo wa dohani uwe angalau sentimita 90 juu ya mahali dohani inapotokea paani, na angalau sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa upande. Hicho ni kwa paa lisiloshika moto. Kwa makuti usikitumie. Waingereza, ambao nao wana mapaa ya nyasi, hutaka mdomo uwe walau mita 1.8 juu ya uso wa paa, nami sioni sababu ya makuti yetu, yanayokaushwa na jua miezi na miezi, kudai pungufu.

Sasa piga hesabu. Kilele cha makuti kiko mita 4 juu ya slebu, na dohani iko mita 2 kutoka kilele. Ukiweka mdomo mita 1.8 juu ya kilele, unahitaji mita 5.8 za dohani juu ya slebu. Lakini dohani ya mawe inayosimama peke yake haifai kuzidi mara 4.5 ya upana wake mdogo. Ikiwa upana ni sentimita 60, mwisho ni mita 2.7. Kipimo hicho kimewekwa kwa mawe mazito. Kwa matumbawe mepesi ningekaa chini yake. Hapo hesabu inakataa, na hakuna lipu itakayoifanya ikubali. Ama unaisimamisha dohani kwa kuifungamanisha na ukuta imara unaopanda nayo, ama unaendelea juu kwa bomba jepesi la chuma cha pua lililofungwa kwa nyaya, ama unahamisha tanuri, ama unaondoa makuti sehemu hiyo ya nyumba na kuweka paa lisiloungua. Wateja wengi hawapendi kusikia hilo la mwisho. Ndilo ninalolipendekeza mara nyingi zaidi.

Ikiwa kinachopungua ni kidogo tu, jaribu kofia kabla ya mawe. Bamba la zege juu ya nguzo nne huzuia upepo unaoshuka. Nguzo zisiwe chini ya sentimita 15, maana kofia iliyobanwa karibu na tundu ni kizibo kingine.

Ukuta wa dohani unapasuka

Tazama ufa umelala au umesimama.

Ufa uliolala, pale mpya ilipokutana na ya kale, unasema kwamba vitu viwili vimelazimishwa kuoana. Ya kale ni matumbawe na chokaa, laini, inayopumua. Mpya ni bloku na saruji nyingi, ngumu. Moto ukiwaka na kuzimwa, kila moja hupanuka na kusinyaa kwa tabia yake, na ungio ndilo linaloachia. Kujaza ufa kwa saruji zaidi ni kuukaribisha urudi sentimita tano juu yake. Toa kozi mbili za ungio, osha, ujenge upya kwa mota ya chokaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na uongeze unga wa matofali ya kuchoma ili chokaa ishike vizuri zaidi. Iweke kivulini kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa. Mchanga usiwe wa ufukweni. Chumvi yake huvuta unyevu, hukauka, hukua kama vioo vidogo ndani ya jiwe, na jiwe humenyeka kama ngozi iliyoungua jua.

Ufa uliosimama, unaofuata pembe, mara nyingi ni nondo. Fundi ametia nondo kwenye pembe ili dohani iwe imara, chumvi ikaifikia, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapasua ukuta kutoka ndani. Ukiona doa la kahawia kwenye ufa, huna haja ya kuuliza zaidi. Sababu nyingine ya ufa uliosimama ni tundu la ndani kushikamana na ukuta wa nje, bila nafasi ya la ndani kupanuka peke yake.

Dohani inayoinama ni jambo zito kuliko nyufa zote. Dohani yenye ukingo wa sentimita 60 kwa 60 na tundu la 20 kwa 20, ikijengwa kwa bloku za zege, ina uzito wa karibu kilo 640 kwa kila mita. Mita mbili ni zaidi ya tani moja na robo. Umeiweka juu ya nini? Ukuta wa kale wa matumbawe unaweza kubeba ikiwa ni mzima na uzito unashuka wima mpaka msingini. Sakafu ya boriti haibebi, na nimeona watu wakijaribu. Ning'iniza timazi kwenye pembe mbili, weka alama, urudi baada ya wiki mbili. Uzi ukiwa umehama hata milimita chache, zima jiko, ondoa watu chini yake, na mwite mhandisi wa majengo.

Mawe ya ndani yanageuka unga

Hili lingepaswa kuwa wazi kwetu kuliko kwa watu wote duniani. Tunachoma matumbawe kupata chokaa. Tunayapanga juu ya magogo, tunawasha, na kinachobaki tunakimwagia maji kikavimba na kusambaratika. Matumbawe yakifika joto la nyuzi 800 na ushei huanza kugeuka chokaa. Sasa mtu anajenga chumba cha moto, au koo la dohani lililo karibu na ndimi za moto, kwa matumbawe yaleyale, kisha anashangaa baada ya masika kwamba mawe yanadondoka vipandevipande. Amejenga tanuri la chokaa, na mvua imemaliza kazi.

Matumbawe yakae nje. Ndani, kuanzia kwenye moto mpaka juu ya koo, weka matofali ya kustahimili moto na mota yake. Juu zaidi moshi hauna joto la kuunguza jiwe siku za kawaida, ila masizi yakishika moto humo ndani joto linaweza kupita nyuzi 1,000, kwa hiyo tundu lote lilindwe.

Moshi, harufu au kichwa kuuma katika chumba cha juu

Usilale humo leo. Hayo mengine yanaweza kusubiri, hili halisubiri.

Dohani iliyorefushwa hupita vyumba ambavyo zamani havikuwepo, na ungio lililopasuka likiwa ndani ya chumba cha kulala hupitisha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huona kichwa kikimuuma, akichefukwa, akilegea, akadhani ni joto. Mtoe nje kwenye hewa safi, zima jiko, mpeleke hospitali.

Kutafuta mwanya ni rahisi. Watu wote wawe nje, madirisha yawe wazi. Washa moto mdogo, tupia makumbi mabichi ya nazi ili moshi uwe mzito, kisha mwenzako afunike mdomo wa juu, kwa muda mfupi tu, kwa gunia lililoloweshwa. Ingia utazame ukuta kuanzia chini hadi dari, hasa nyuma ya kabati na pale boriti zinapoingia ukutani. Moshi utakuonyesha. Na boriti isiguse dohani: iache nafasi ya sentimita 5 isiyojazwa kitu kinachoungua. Mbao iliyokaushwa na joto miaka kadhaa huweza kushika moto siku ambayo hukuwasha zaidi ya kawaida.

Madoa na maji

Doa la kahawia kwenye dari kuzunguka dohani baada ya mvua za masika ni maji yanayopita kati ya dohani na slebu. Bati la kuzuia maji liingizwe ndani ya ungio la mawe, lisigandishwe tu juu ya lipu. Doa la kahawia linalonuka moshi, hata kiangazi, ni mvuke uliopoa ndani ya tundu na kupenya mawe. Rudi kwenye maelezo ya upana na ubaridi. Kofia itokeze sentimita 5 nje ya ukuta na iwe na mfereji mdogo chini ya ukingo, ili maji yadondoke badala ya kutambaa. Kwa wavu wa kuzuia cheche na kunguru, matundu yawe ya sentimita 1 hivi na waya uwe wa chuma cha pua. Waya wa banda la kuku huliwa na chumvi upesi.

Kwa wa Lamu mjini: mji wa kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na kitu kinachotokeza juu ya mapaa hubadilisha sura ya mji. Onana na ofisi ya uhifadhi ya makumbusho na ya kaunti kabla ya kununua mawe. Na mwonyeshe jirani yako moshi utakakoelekea. Uchochoro ni mwembamba, na dirisha lake liko hatua chache tu kutoka kwako.

Masizi yanayong'aa

Masizi makavu, ya unga, yanafagilika kwa brashi na ni ya kawaida. Yakiwa meusi, yanang'aa na yamegandamana kama lami, hayo ni mafuta ya moshi uliopoa, na yanawaka. Kila dohani iliyorefushwa iangaliwe ndani baada ya mwezi wa kwanza wa matumizi, kwa sababu ile sehemu ya juu ndiyo yenye baridi na ndiyo inayoyakusanya. Tabaka likifika unene wa milimita 3, usafishe kabla ya kuwasha tena. Kuni mbichi, na kuufinya moto uwake polepole usiku kucha, ndivyo vinavyoyaleta.

Ukisikia mngurumo ndani ya dohani kama lori linalopanda mlima, masizi yameshika. Toa watu, funga mlango wa tanuri ili hewa isiingie, ita zimamoto na majirani. Usimwage maji ndani ya tundu. Mawe ya moto hupasuka na mvuke hukurukia. Maji yako yote yapeleke kwenye makuti, yako na ya jirani, upande ambao upepo unaelekea. Moto ukizimika, usiwashe tena siku hiyo wala wiki hiyo. Shusha taa ndani ya tundu, kagua kila ungio kuanzia juu hadi chini, urudie lile jaribio la makumbi mabichi.